Mfumo wa Mkojo: Kazi ya Figo, Wajibu wa Kuzitunza na Swali la Kumpa Ndugu

Katika Agano la Kale figo zinatajwa mara nyingi kuliko msomaji wa Biblia ya Kiswahili anavyoweza kudhani, na sababu yake ni ya tafsiri. Nabii Yeremia, katika sura ya 17 aya ya 10, anapomtaja Mungu anayeupima undani wa mwanadamu, neno la Kiebrania linalokwenda sambamba na moyo ni figo. Wafasiri wetu wa zamani wakaandika "viuno". Katika Zaburi ya 139 aya ya 13, mzaburi anapoanza kueleza jinsi alivyoumbwa tumboni mwa mama yake, kiungo anachokitaja ni figo. Kwa Kiswahili tumezoea kusoma "mtima". Kwa Waebrania figo zilikuwa makao ya dhamiri na ya mawazo ambayo mtu hamwambii jirani yake. Si ajabu. Yeyote aliyewahi kuchinja mbuzi anajua kwamba figo zimejificha nyuma kabisa, karibu na uti wa mgongo, zimefunikwa kwa mafuta, na kisu huzifikia mwishoni. Kitabu cha Walawi, sura ya 3, kinaagiza kwamba katika sadaka ya amani figo mbili pamoja na mafuta yake ziteketezwe juu ya altare. Mwenye kuchinja hakuzila.

Waandishi hao watakatifu hawakuijua kazi ya figo. Mpendwa msomaji, sisi tumejaliwa kuijua, na ujuzi huo umekuja na wajibu wake. Wapo waamini katika parokia zetu ambao wameketi katika kikao cha familia na kuelezwa kwamba figo za mpendwa wao zimeshindwa kazi, na kwamba huenda mmoja kati ya waliopo akaweza kumpa yake. Maswali yanayofuata pale ni ya elimu ya mwili na ya imani kwa wakati mmoja. Figo hufanya nini? Mtu aweza kuishi na moja? Je, ni halali mbele za Mungu kutoa sehemu ya mwili ambayo Yeye mwenyewe ameiumba? Makala hii inajaribu kuyajibu kwa kuanza na mwili wenyewe, kwa kuwa, kama tutakavyoona, hata wanateolojia walilazimika kuanzia hapo.

Mfumo wa mkojo una figo mbili, mirija miwili iitwayo ureta inayoteremsha mkojo, kibofu kinachouhifadhi, na njia ya mkojo inayoutoa nje. Kila figo ina umbo la harage na ukubwa wa ngumi ya mwenye nayo. Kwa mtu mzima urefu wake ni kama sentimita 11 na uzito wake gramu 150 hivi. Zimelala pande mbili za uti wa mgongo, nyuma ya utumbo, zikikingwa kwa sehemu na mbavu za chini. Ya kulia iko chini kidogo kwa kuwa ini limechukua nafasi ya juu yake. Ndiyo maana maumivu ya kweli ya figo husikika ubavuni kwa nyuma, chini ya mbavu, wala si pale chini kabisa kiunoni ambapo wengi wetu hushika tukisema "figo zinaniuma" baada ya kushinda shambani na jembe.

Viungo hivi vidogo hupokea damu nyingi kupita ukubwa wake. Katika damu yote inayosukumwa na moyo, takribani sehemu moja ya tano huelekea kwenye figo, yaani zaidi ya lita moja kila dakika. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, ambavyo wataalamu huviita nefroni. Kila nefroni huanza na kifundo cha mishipa ya damu myembamba mno, kilichokaa ndani ya kitu kama kikombe. Msukumo wa damu hulazimisha maji, chumvi, sukari na takataka kupenya kuta za mishipa hiyo na kuangukia kikombeni. Chembechembe za damu na karibu protini zote hubaki ndani ya mishipa, kwa kuwa ni kubwa mno kupita. Kutoka kikombeni maji hayo huingia katika mrija mwembamba wenye mapindo mengi, na humo ndimo hufanyika kazi inayostahili kustaajabiwa.

Kwa siku moja figo huchuja lita zipatazo 180. Majimaji ya damu ya mtu mzima ni lita 3 tu hivi, kwa hiyo yote huchujwa mara 60 hivi kati ya asubuhi moja na nyingine. Lau yote yaliyochujwa yangetoka nje, mtu angekufa kabla ya jua kutua. Lakini utaratibu wa figo ni kama wa mama anayetoa vyombo vyote nje ya chumba, kisha akarudisha kimoja kimoja anachokihitaji na kuacha nje kilichobaki. Sukari hurudishwa yote kwa mtu mwenye afya, chumvi hurudishwa kwa kipimo, na katika maji lita 99 kati ya kila 100 hurudi kwenye damu. Kinachobaki ni lita moja hadi mbili kwa siku, na huo ndio mkojo: maji yaliyobeba urea ambayo ini limeitengeneza kutokana na mabaki ya protini, kreatinini itokayo kwenye misuli, chumvi iliyozidi na mabaki ya dawa. Rangi yake ya manjano hutokana na masalia ya chembechembe nyekundu za damu zilizozeeka na kuvunjwa.

Kutoa takataka ni sehemu moja tu ya utumishi huu. Figo hulinda kiasi cha maji mwilini kwa kuitii homoni inayotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Ndiyo sababu baada ya maandamano ya Ekaristi juani mkojo huwa mchache na wa rangi nzito, na baada ya mtu kunywa maji ya kutosha hurudia wepesi wake. Hulinda pia kiasi cha madini ya potasiamu, ambayo yakizidi katika damu huweza kuusimamisha moyo. Husaidia kupanga shinikizo la damu. Huipa vitamini D nguvu yake ya mwisho ili mifupa ipate madini ya chokaa. Tena figo hutoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembechembe nyekundu za damu. Wengi hushangaa kwa nini mgonjwa wa figo hupungukiwa damu ingawa anakula vizuri na kunywa maji ya rozela kila siku. Uboho wake haujapokea amri.

Njia ya kushuka ni fupi zaidi kuieleza. Ureta zina urefu wa sentimita 25 hadi 30, na kuta zake zina misuli inayosukuma mkojo kwa mawimbi madogo, hata mtu akiwa amelala chali. Huingia kwenye kibofu kwa mshazari, ili kibofu kinapojaa na kujikaza zifungwe na mkojo usirudi juu. Kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 400 hadi 500, na huanza kumkumbusha mwenyewe kikiwa hakijafika hata nusu au kikiwa kimeikaribia. Shingoni mwake kuna vifungo viwili vya misuli: cha ndani hufanya kazi bila kutuuliza, cha nje hutii hiari yetu, na mtoto hujifunza kukitawala akiwa na miaka miwili au mitatu. Kisha mkojo hutoka kwa njia ambayo kwa mwanamume ina urefu wa sentimita 20 hivi, na kwa mwanamke sentimita 4 tu. Tofauti hiyo ndiyo sababu kubwa ya wanawake kupata maambukizi ya njia ya mkojo mara nyingi zaidi: bakteria wana safari fupi. Kwa mwanamume, njia hiyo hupita katikati ya tezi dume, ambayo hukua kadiri umri unavyosonga na kuibana. Mzee anayetoka nje mara mbili wakati wa mahubiri asidhaniwe amechoshwa na Neno la Mungu. Aelekezwe kwa upole akapimwe. Na kwa kuwa tumefika hapo, wapo akina mama wengi wanaojinyima maji tangu alfajiri siku ya Misa ndefu kwa sababu choo cha parokia hakifai. Halmashauri ya walei inayopanga bajeti ya mwaka ingefaa kulijua hilo.

Katika maeneo mengi ya pwani yetu, visiwani na kanda ya Ziwa, mfumo huu una adui wa pekee, naye ni kichocho. Minyoo yake huingia kupitia ngozi ya mtu aliyesimama kwenye maji baridi yenye konokono wanaoibeba: mtoni, bwawani, kwenye majaruba ya mpunga. Aina moja huishi katika mishipa ya damu inayokizunguka kibofu, na mayai yake yenye mwiba hupenya ukuta wa kibofu na kuleta mkojo wenye damu. Huachwa miaka mingi kibofu kikapata makovu, ureta zikaziba, figo zikaharibika, na saratani ya kibofu ikafuata. Kwa mwanamke mayai yale yale huweza kujeruhi viungo vya uzazi na kuleta dalili zinazofanana na za magonjwa ya zinaa, hata akahukumiwa na mumewe na majirani kwa dhambi asiyoitenda, kumbe alichofanya ni kufua nguo za watoto mtoni. Dawa yake, prazikwantel, ni vidonge vinavyojulikana katika vituo vya afya.

Hata hivyo wagonjwa wengi wanaofikia kushindwa kwa figo hawakuletwa na maji ya mto. Visababishi vikubwa ni viwili, kisukari na shinikizo la juu la damu, ambavyo huharibu vile vifundo vya mishipa myembamba polepole, kwa miaka. Figo ina akiba kubwa, na hilo ndilo jema lake na hatari yake. Mtu aweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake pasipo kuhisi lolote. Dalili tunazozijua, yaani kuvimba miguu na uso, kichefuchefu, kuwashwa mwili, uchovu usioisha, huja wakati akiba imekwisha. Mkojo wenye povu zito lisiloisha huweza kuonekana mapema zaidi, kwa kuwa protini imeanza kuvuja kwenye vichujio. Ndiyo hiyo hiyo protini anayoitafuta muuguzi anapompima mama mjamzito mkojo kila ahudhuriapo kliniki, maana kwake huweza kuwa ishara ya kifafa cha mimba kinachonyemelea.

Hapa lazima tuseme wazi jambo ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zikimezwa kila siku kwa miezi kwa ajili ya mgongo au magoti bila usimamizi wa daktari, huumiza figo. Vivyo hivyo baadhi ya dawa za mitishamba, zikiwemo zinazouzwa kwa jina la kusafisha figo. Figo haihitaji kusafishwa. Yenyewe ndiyo msafishaji. Na yule anayeambiwa na mhubiri wa barabarani kwamba ameponywa shinikizo la damu na aache vidonge vyake, akumbuke fundisho la Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, kwamba uhai na afya ni zawadi tulizokabidhiwa na Mungu ili tuzitunze kwa busara. Kumeza kidonge kila asubuhi ni sehemu ya utunzaji huo.

Figo zikishindwa kabisa, zimebaki njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kusafisha damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Mashine huondoa takataka na maji yaliyozidi, lakini haiwezi kuutumia uboho wa mifupa amri yake wala kuikamilisha vitamini D, na mgonjwa hufungwa na ratiba hiyo maisha yake yote. Ya pili ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine.

Historia ya njia hii ya pili ina mafundisho kwetu. Tarehe 23 Desemba 1954, katika Hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, Marekani, Ronald Herrick alimpa figo yake moja pacha wake Richard, kijana wa miaka 23 aliyekuwa anakufa kwa ugonjwa wa figo. Walikuwa mapacha wa kufanana kabisa, na madaktari walitaka kuwa na uhakika huo hata wakalinganisha alama za vidole vyao, kwa sababu mwili wa Richard ungeikataa figo ya mtu mwingine yeyote. Daktari aliyeipandikiza, Joseph Murray, alikuwa Mkatoliki mwenye imani thabiti. Baadaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990 na akawa mjumbe wa Taasisi ya Kipapa ya Sayansi. Kilichowasumbua yeye na wenzake kilizidi ufundi wa kisu. Kwa mara ya kwanza walikuwa wanampasua mtu mzima asiye na ugonjwa wowote kwa upasuaji ambao haukuwa na faida yoyote kwa mwili wake. Walitafuta ushauri wa viongozi wa dini mbalimbali kabla ya kukubali.

Wanateolojia wa Kikatoliki nao walikuwa na mashaka, na mashaka yao yalikuwa na msingi. Fundisho la maadili lilikuwa kwamba kiungo kimoja chaweza kukatwa kwa ajili ya wema wa mwili mzima wa mtu yule yule, kama mguu uliooza. Mwanadamu si bwana wa mwili wake hata augawe apendavyo. Je, kukata kiungo kizima kwa ajili ya mwili wa mwingine si kujilemaza? Jibu lilipatikana kwa kuitazama figo yenyewe. Mtu aliyetoa figo moja amepungukiwa kiungo, lakini hajapungukiwa kazi ya kiungo hicho: figo inayobaki hukua, huongeza uchujaji wake, na baada ya muda huufikia uwezo wa takribani asilimia 70 ya ule wa mbili za awali, ambao unatosha kwa maisha ya kawaida. Kwa hiyo mwili unabaki kamili katika utendaji wake, na upendo wa jirani unakuwa sababu halali ya sadaka hiyo. Jicho zima au moyo wa mtu aliye hai haviwezi kutolewa kwa hoja hiyo. Ndiyo maana Katekisimu, namba 2296, huiruhusu zawadi ya kiungo pale ambapo hatari kwa mtoaji inalingana na wema unaotafutwa, na kukataza kumletea mtu ulemavu au kifo hata kama ni kwa kuokoa maisha ya wengine.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka wake wa Kitume "Evangelium Vitae", yaani "Injili ya Uhai", wa mwaka 1995, aliuhesabu utoaji wa viungo kwa namna inayokubalika kimaadili kati ya matendo ya kishujaa ya maisha ya kila siku. Alipozungumza mjini Roma tarehe 29 Agosti 2000 na wataalamu wa upandikizaji, aliweka mipaka miwili: kiungo cha mwanadamu hakiuzwi, na mtoaji lazima aridhie kwa hiari baada ya kuelezwa yote.

Mpaka huo wa pili ndio unaotugusa zaidi. Katika familia zetu uamuzi mzito hufanywa na kikao cha ukoo, na ni rahisi macho yote yakamgeukia mdogo asiye na kazi, au binti ambaye bado hajaolewa, kana kwamba mwili wake ni mali ya wote. Hiari ya namna hiyo si hiari. Madaktari makini huzungumza na mtoaji peke yake, na akisema hapana hawamtaji mbele ya ndugu. Husema tu kwamba hafai kitabibu. Kaka mkubwa au baba mdogo anayeongoza kikao anapaswa kumwachia kila mmoja nafasi hiyo bila kinyongo. Usiku wa kuamkia upasuaji, Richard Herrick alimwandikia pacha wake akimwambia aondoke, arudi nyumbani. Ronald alijibu kwamba amefika na atabaki.

Hofu nyingine zina majibu. Mwanamke aliyetoa figo aweza kuzaa, ingawa mimba yake inahitaji uangalizi wa karibu zaidi kwa sababu ya shinikizo la damu. Mwanamume hapungukiwi nguvu zake za kiume. Wala ufufuko wa mwili hauzuiliwi na kiungo kilichotolewa kwa upendo, maana Mungu atakayewafufua mashahidi walioliwa na wanyama hatashindwa na figo moja. Kwa upande wa Tanzania, upandikizaji ulianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, hivyo safari ya kwenda India si lazima kwa kila mgonjwa.

Richard aliishi miaka minane zaidi, akamwoa muuguzi aliyemhudumia, akapata watoto wawili, akafariki mwaka 1963. Ronald alikuwa mwalimu, akafariki mwaka 2010 akiwa na miaka 79. Kabla ya kukubali alikuwa amewauliza madaktari kama hospitali itamhudumia maisha yake yote, na swali lake lingali na maana. Mtoaji hutoka hospitalini baada ya siku chache na hurudi kazini baada ya wiki kadhaa, lakini kila mwaka anapaswa kupimwa shinikizo la damu, mkojo na kreatinini. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo huchanga kwa ajili ya mgonjwa, na hufanya vyema. Nauli ya mtoaji ya kwenda kliniki mwaka wa tatu na wa nne nayo iandikwe katika daftari la michango.